Zamu Yako, Mdogo Wangu

Nyumbani, 2 Februari

Mdogo wangu Fyuzi,

Salamu zipo, utazikuta mwishoni. Kwanza kazi.

Likizo nimepata. Mwenye karakana amesaini bila hata kuinua kichwa, maana mwezi wa nne hakuna anayenunua mahema na cherehani zetu hulala. Mkata, yule mama anayekata maturubai meza ya mbele yangu, ameshashika nafasi tatu kwenye boti: yake, ya mumewe na yangu.

Boti inatuacha kwenye ufukwe wa mawe, kule ambako milima inaingia baharini moja kwa moja. Hakuna barabara, hakuna duka, hakuna mtu wa kumwomba chumvi. Tunapanda mgongo wa mlima na mizigo yetu, tunalala kwenye hema, tunashuka upande wa pili, tunavuka mdomo wa mto maji yakiwa yamekupwa, tunapanda tena mpaka nyumba ya mlinzi wa msitu, na huko mbele zaidi boti inakuja kutuchukua. Wiki mbili, kwenda na kurudi. Mwezi wa tano bahari inachafuka na boti haiendi tena mpaka mwakani. Mwakani Mkata anastaafu na kuhamia kwa binti yake, na magoti yangu yatakuwa magoti ya mwakani.

Unajua nashona mahema tangu wewe unasoma. Sijawahi kulala ndani ya hema hata usiku mmoja. Nashona, nayasimamisha uani, nakagua mishono kwa nje, nayakunja, na watu wengine wanaenda kulala humo. Mwaka jana ulikaa kwenye kochi letu, mdomo umejaa chakula, ukaniambia, "Dada, siku ukipata nafasi niambie tu, nitakuja nikae na Mama." Nafasi nimepata. Nakuambia.

Mama ni vilevile. Mkono na mguu wa kulia havijaamka tangu kile kiharusi, ulimi ndio umepona kabisa, tena zaidi ya kupona. Mchana jirani anakaa naye, lakini mgongo wa jirani hauwezi kumnyanyua mtu, na jioni ana nyumba yake. Kumgeuza, kumbeba na kumwogesha ni kazi yangu. Kwa wiki mbili itakuwa yako. Njoo mapema kidogo nikufundishe.

Jibu upesi. Huko bondeni kwenu simu haishiki, na lori la mahitaji likishapita najua barua zinavyolala. Haya, hujambo?

Dada yako

*

Kambini, bwawani, 17 Februari

Dada,

Sijambo. Nimefurahi sana kusikia habari ya likizo, unastahili kupumzika.

Tatizo ni hilo la mwezi wa nne. Ndiyo mwezi wa kuwasha mitambo, na fundi umeme hawezi kuondoka wakati mitambo inawashwa. Nimemgusia msimamizi, amekunja uso. Nisingependa kukuahidi halafu nikakuangusha.

Nimefikiria mambo mawili. La kwanza, mtafute mtu wa kumhudumia Mama kwa hizo wiki mbili, nitalipa mimi, usiwaze. La pili, kwani lazima iwe mwaka huu? Milima haiendi popote. Mwakani nitakuwa na nafasi zaidi, na huenda ukapata watu wengine wa kwenda nao.

Kuna baridi kali huku. Tunalala na soksi. Msalimie Mama, mwambie namwaza.

Mdogo wako,
Fyuzi

*

Nyumbani, 1 Machi

Fyuzi,

Usinizungushe. Mwezi wa kumi na moja uliniandikia kwa mkono wako kwamba mitambo inawashwa mwezi wa pili na baada ya hapo mtakuwa mnapiga soga tu. Sasa imekuwa mwezi wa nne. Mitambo yenu inaangalia kalenda ya likizo yangu?

Halafu unaniambia nitafute mtu. Unadhani sijatafuta? Yule dada aliyetoka zahanati, mpole, mikono laini, alikuja asubuhi moja. Mama aliushika mlango wa bafu kwa ule mkono mmoja mzima na hakuuachia mpaka dada wa watu akachukua mkoba wake akaondoka. Nilirudi kutoka kazini nikamkuta Mama hajaoga, amenuna, anatazama ukuta. Nikamwuliza, Mama, kwa nini? Akasema, "Sikumzaa yule." Basi. Kwa hiyo anayeweza ni aliyemzaa mwenyewe, na aliowazaa tuko wawili, na mmoja anapiga chenga.

Kila asubuhi kabla ya kazi namkalisha kwenye kile kiti cha plastiki, kwenye lile bafu letu lisilo na dirisha, balbu inamulika mpaka macho yanauma, na maji yananilowesha mimi kuliko yeye. Sijalalamika. Miaka yote hii umewahi kunisikia nalalamika? Sasa nalalamika.

Kwa taarifa yako nimeshaanza mazoezi. Napanda na kushuka ngazi za karakana na bunda la turubai mgongoni, wenzangu wananicheka, mwenye karakana ameniuliza kama nimepewa adhabu. Na hema langu nalishona saa za chakula kwa mabaki: kipande cha kijani, cha kijivu, cha rangi ya udongo. Linatisha kwa sura, ila mshono wake haupitishi hata pumzi.

Mkata anataka jibu langu kabla ya mwisho wa mwezi. Niambie tarehe unayofika. Sitaki habari za soksi.

Dada yako

*

Nyumbani, 6 Machi

Baba, mwanangu,

Naandika kwa mkono wa kushoto, vumilia mwandiko. Karatasi nimeificha chini ya mto, jirani ataipeleka posta. Dada yako asijue.

Umefanya vizuri kusema kazi imekubana, kama nilivyokuomba kwenye barua yangu ya kwanza. Endelea hivyohivyo. Najua anakusema. Juzi alikuwa anakwangua sufuria huku anakutukana, sufuria imebaki nyembamba.

Naomba usije. Ukija kunisalimia karibu, kaa, kula, tucheke. Lakini kuja kunivua nguo na kunipaka sabuni, hapana. Nilikuogesha mimi kwenye beseni la bluu, ulikuwa unapiga maji kwa miguu. Sasa wewe ni mwanamume una ndevu. Utauona mwili huu ulivyochakaa, halafu kila ukinitazama usoni nitajua umeuona. Nafuu nikae na uchafu wangu wiki mbili.

Dada yako haelewi. Nikimwambia ataniambia, Mama, ni mwanao yule, kuna nini. Yeye amezoea, hajui mimi sijazoea. Hata kwake bado naona aibu kila asubuhi, ila yeye ni mwanamke na hana muda wa kuniangalia.

Najua ninamfunga. Usiku namsikia anafungua lile hema lake analipapasa. Nalijua hilo na linaniuma, sina la kufanya. Aibu haina dawa.

Kula vizuri.

Mama yako

*

Nyumbani, 27 Machi

Fyuzi,

Barua yako haikuja, wala sikuitegemea sana. Leo nimemwambia Mkata atafute mtu mwingine wa kukaa kwenye nafasi yangu. Alichukua mkasi wake akaendelea kukata, na alikata kombo, jambo ambalo sijawahi kuliona.

Sikuandikii ili uje. Hilo limekwisha. Nakuandikia kwa sababu sina mwingine wa kumpa haya.

Hema nimelimaliza jana. Nikasema angalau lisimame mara moja. Nikasogeza meza ya chakula na makochi, nikalisimamisha sebuleni, kamba nimezifunga kwenye miguu ya kabati na kitasa cha mlango. Mama akaniita kutoka chumbani, akataka kuliona. Nikambeba. Akataka kuingia. Nikamlaza ndani kwenye godoro la wageni, nikafunga zipu, mimi nikabaki nje nimekaa sakafuni. Nikamwuliza, unaonaje humo? Akasema, "Humu ndani hakuna anayeniona." Kwa sauti ya mtu anayekunywa maji baridi. Nikamwuliza maana yake nini, akasema hana maana yoyote, anataka kulala.

Alilala humo mpaka jioni. Mimi nikapika nikiruka kamba. Nilikuwa na hasira, nikaharibu chakula, tukala hivyohivyo. Hema langu la kwanza, na aliyelala ndani si mimi.

Nimechoka, Fyuzi. Sijachoka na Mama. Nimechoka kuwa mtu ambaye wote mnajua hataondoka. Wewe una bwawa, una marafiki, una baridi ya kusimulia. Mimi nina zamu moja isiyopokelewa. Mtu akinipokea siku moja tu naweza kuendelea miaka, ndivyo nilivyoumbwa, lakini hata hiyo siku moja hukunipa.

Usinijibu kwa maneno ya kunipoza.

Dada

*

Kambini, bwawani, 4 Aprili

Mama,

Barua hii itafika kwa jirani, akusomee mwandiko wangu kama utakushinda. Mimi nitafika nyuma yake, na lori linalofuata. Ruhusa nimepewa. Ruhusa nilikuwa nayo tangu mwanzo, wewe unajua.

Usikasirike kabla hujamaliza kusoma. Nimekutii miezi miwili na nimeonekana mtu wa hovyo. Hilo nililibeba. Lakini barua ya Dada iliyofika juzi siwezi kuibeba. Ameacha nafasi yake ya boti. Ameniandikia pia ulichosema ukiwa ndani ya hema. Yeye hakuelewa. Mimi nilielewa, nikakaa nayo kitandani nikiigeuzageuza.

Nikueleze kitu. Ninayelala naye chumba kimoja ni mchomeleaji. Mwezi uliopita alianguka kutoka kwenye jukwaa akavunjika mikono yote miwili. Mtu mzima, ana wajukuu, mkali kama pilipili. Hana wa kumwogesha. Alikaa na jasho lake mpaka chumba hakikaliki. Nikamwambia, mzee, mimi ni fundi umeme. Nusu ya kazi yangu ni kuingiza mkono ndani ya ukuta mahali ambapo jicho halifiki. Napapasa, najua huu ni waya gani, hii ni skrubu gani, nafunga, natoa mkono. Sijawahi kuona ndani ya kuta nyingi nilizozifanyia kazi. Tukakubaliana. Sasa namwogesha na sijui ana kovu wapi, wala sitaki kujua. Yeye anaimba kwa sauti mbaya ili tusilazimike kuongea.

Kwa hiyo usiniambie habari za kuonwa. Na unajua vizuri, kazi ya umeme ya namna yoyote ile, kitu cha kwanza fundi anachofanya ni kuuzima.

Ukinikatalia mlangoni nitakaa hapohapo mlangoni. Dada aende.

Mwanao

*

Nyumba ya mlinzi wa msitu, 19 Aprili

Fyuzi,

Boti ya mlinzi inashuka mjini kesho kuchukua vifaa, nimeomba ibebe barua hii. Naandikia kwenye ngazi yake, mvua inanyesha mlalo, miguu yangu imechubuka pande zote mbili na soksi hazijakauka tangu ufukweni. Sasa najua kwa nini uliniandikia habari za soksi.

Nina hasira na nyinyi wawili na nataka mjue kwamba hazijaisha. Ulifika na begi lako, nikakusimamisha mlangoni nikakupa maneno yote niliyokuwa nimeyahifadhi, mbele ya jirani, na wewe umesimama tu kama nguzo. Ndipo Mama akaita kutoka ndani, "Mwache. Mimi ndiye niliyemkataza." Miezi miwili natukana mtu asiye na kosa. Mngeniambia. Ningekasirika siku moja tungeimaliza. Badala yake mkanigawia hasira kidogokidogo kama dawa ya kikohozi.

Mkata hakuwa amempa mtu nafasi yangu. Anasema ananijua, nikikasirika husema mambo ya kufutwa kesho yake. Nilipakia begi huku nalia, nikasahau kijiko. Nakula kwa kifuniko cha chupa.

Safari si kama nilivyoipanga. Mto tulifika maji yameshajaa, tukasubiri nusu siku tukitazamana. Mume wa Mkata anakoroma hata akiwa amekaa. Mgongo wa mlima ni mwembamba, bahari iko chini upande mmoja na upande wa pili ni msitu uliojaa ukungu, na nilipofika juu kabisa nilikaa chini kwa sababu miguu ilikataa. Nilikaa hapo nikawaza kama Mama amegeuzwa. Nimepanda mlima wote huo kwenda kuwaza nyumbani, nikajikasirikia.

Ila sikiliza hili. Hema langu nililishona kwa mtindo uleule wa mahema ya karakana, lina kitanzi cha taa ndani, katikati. Mimi ndiye ninayekishona, nakiweka pale kwa sababu ndipo mishono miwili inapokutana, ni rahisi. Ukikaa ndani taa inakupiga kwenye paji la uso. Kila ukikaa. Watu wote walionunua mahema yetu miaka yote hii wamepigwa paji la uso na mkono wangu, na hakuna aliyerudi kusema. Usiku wa kwanza ilinipiga, nikacheka peke yangu mpaka Mkata akauliza kama nimeumwa na mdudu. Nimelala ndani ya hema, Fyuzi. Mvua ilipiga usiku kucha na mshono haukupitisha tone.

Unafanyaje na Mama? Anaoga? Amekubali? Usiniambie. Hapana, niambie. Kama ameshika mlango, niambie ukweli, nitarudi na boti ya kwanza itakayopita hapa chini. Andika kupitia ofisi ya boti.

Dada

*

Nyumbani, 24 Aprili
Kwa mkono wa ofisi ya boti

Mama, mwanangu,

Naandika mwenyewe, kwa kushoto. Huyu ndugu yako alitaka akuandikie yeye, nikamwambia swali aliulizwa yeye lakini jibu ni langu.

Ndiyo, nilishika mlango. Siku ile ulipoondoka nilishika, na kesho yake nilishika. Hakunivuta, hakunisemesha. Alikaa sakafuni pale mlangoni, akafungua mkoba wake wa kazi, akaanza kusafisha plaizi na bisibisi zake moja baada ya nyingine. Mimi niko kwenye kiti cha plastiki nanuka, yeye anafuta bisibisi. Nilimwambia maneno mabaya ambayo sitayaandika. Akasema, "Ndiyo, Mama."

Siku iliyofuata nilikuwa nawashwa hata siwezi kutulia. Nikamwambia, zima hiyo taa. Akasema hatazima, swichi mtu anaweza kuigusa kwa bahati mbaya, na mimi nitakaa roho juu. Akapanda kwenye ndoo akaitoa balbu yenyewe. Akafunga mlango. Unajua lile bafu, halina hata tundu. Giza tupu.

Basi nikamsikia anapima maji kwa kiwiko, kama nilivyokuwa nampimia yeye. Akaniuliza sabuni iko wapi, nikamwelekeza. Akapoteza kopo, tukalitafuta wote kwa kupapasa, nikalipata mimi. Mikono yake migumu kama kamba, lakini inakwenda polepole, inasimama inauliza kabla ya kuendelea. Alianza kuimba wimbo wa huyo mchomeleaji wake, sauti mbaya sana. Nikamwambia anyamaze, akakataa. Nikajikuta nacheka. Nilicheka kwenye maji, mwanangu, nikiwa uchi mbele ya mtoto wangu wa kiume, na hakuna aliyeniona.

Tangu hapo naoga kila siku. Kwa hiyo usirudi na boti yoyote. Maliza milima yako.

Na wewe nisamehe. Nilijificha nyuma ya kazi ya mwenzako wakati wewe unahesabu siku zako. Nilijua na nikanyamaza.

Anasema atarudi mwezi wa nane akupokee tena, ameshamwandikia msimamizi wake. Mwambie Mkata kabla hajastaafu akutafutie mlima mwingine. Na hicho kitanzi cha taa kihamishe, unaumiza watu.

Ukifika nyumbani utakuta bafuni hakuna taa. Usiende dukani. Balbu haijaungua, iko juu ya kabati, iache hapohapo. Kesho yake asubuhi na wewe utaniogesha gizani.

Mama yako